Ndege wa kwenye tope la Msimbazi: wenzao waliondoka mwezi wa tano, hawa wa Julai wamebaki kwa nini?

#1 Tope_la_Upanga (Jumatatu, 8 Julai 2024)

Wakuu, habari za Sabasaba.

Jana maji yalikuwa ya bamvua. Nikatoka nyumbani saa tatu na nusu, nikashuka mpaka pale Mto Msimbazi unapoingia baharini, kati ya Daraja la Salenda na lile jipya la Tanzanite. Kufika saa nne tope lote liko wazi. Nikawahesabu wale ndege wadogo wa kijivu mara tatu: 58, 63, 61. Nimeandika 61 kwenye daftari.

Ninavyojua, hawa ni wageni. Wanaingia mwezi wa nane na wa tisa, wanakaa nasi kaskazi nzima, Aprili wananenepa na kuanza kubadilika rangi, na Mei ikianza wameshakwenda kuzaa kwenye nchi za baridi. Sasa hawa 61 wanafanya nini hapa Julai, wakati wenzao wako kwenye mayai? Mwaka jana wiki kama hii, saa kama hii, nilipata 9 tu.

Mmoja nilikaa naye karibu, hatua kama kumi. Anadunga tope mara nne tano harakaharaka kama sindano ya cherehani, anatulia, anavuta mnyoo taratibu usije ukakatika. Akiupata haumezi hapohapo. Anakimbia nao hadi kwenye kidimbwi, anausuuza matope, ndipo anameza. Nilisimama pale saa nzima miguu imezama na sikuona imepitaje.

Anayejua anieleze. Mdomo mweusi, mrefu, umepinda chini kidogo. Miguu myeusi. Mkubwa kuliko shomoro, mdogo kuliko njiwa. Akiruka, juu ya mkia panaonekana peupe.

#2 Mwana_Pangani

Mkuu, jibu liko kwenye upepo. Babu yangu mzaa mama alivua jarife Pangani maisha yake yote, na alikuwa akisema ndege wa maji wanaondoka na kusi ya kwanza. Kusi inavuma kuelekea kaskazini, inawabeba. Aliyekuwa hajashiba siku hiyo, upepo unampita, na hawezi kuukimbilia. Anabaki mpaka mwaka ujao.

Mwaka huu masika yalikuwa makali, mvua ilipiga Aprili nzima. Mto ulishuka na maji mengi, tope halikuonekana. Watashiba saa ngapi?

#3 Mwalimu_wa_Bayo

#1, umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoleta picha zenye ukungu. Mdomo uliopinda chini, miguu myeusi, na weupe juu ya mkia ukimwona akiruka: huyo ni chamchanga anayezaa Siberia, kule Aktiki, rasi ya Taimyr na majirani zake. Kutoka Dar mpaka Taimyr ni karibu kilomita 10,000 kwa mstari ulionyooka. Uzito wake ni kama gramu 60.

Hao waliobaki ni vijana. Walizaliwa kiangazi cha mwaka jana, wakafika hapa Septemba au Oktoba, na bado hawajafikia umri wa kuzaa. Ndege wengi wa jamii hii hawazai mwaka wa kwanza. Safari ya kilomita 10,000 kwenda kumtazama mwenzako anaatamia haina faida, kwa hiyo wanakaa kwenye chakula. Kwa maoni yangu suala limeisha.

#4 Chapa_Mboga

Samahani wakuu, wanaliwa?

#5 Binti_Kivukoni

#4, gramu 60 pamoja na manyoya na mdomo. Utapika sufuria ya ndege arobaini upate mboga ya mtu mmoja, na kabla hujaonja utakuwa unajieleza. Kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, ndege pori wamo humo. Nunua dagaa, ndugu yangu.

#6 Chapa_Mboga

Nimeuliza tu jamani. Naendelea kusoma, uzi mtamu.

#7 Mida_Usiku

Nawasalimu kutoka Watamu. Hapa Mida Creek kuna watu wa A Rocha Kenya ambao huwavisha ndege hawa pete za miguuni, na mimi nimewahi kuwasaidia kubeba vifaa. Kazi inafanyika usiku wa giza, maji yakijaa, kwa nyavu nyembamba sana zilizotandazwa karibu na mikoko. Ndege akinaswa anawekwa kwenye kifuko cha kitambaa, anapimwa mdomo, bawa na uzito, anavishwa pete yenye namba, anaachiwa.

Nikuambie nilichokiona kwa macho yangu. Ukimshika ndege wa Aprili ukapuliza manyoya ya tumboni, chini ya ngozi unaona mafuta ya manjano yamejaa kifuani kama siagi. Anakaribia kuwa na uzito mara mbili ya kawaida yake. Ndege wa Juni ukimpuliza, ngozi ni nyekundu tupu, hana akiba yoyote. Ukifungua bawa lake, manyoya ya kurukia yamelika ncha kama ufagio wa chelewa uliofagia uwanja mwaka mzima. Hao wengi ni vijana, Mwalimu yuko sahihi hapo. Lakini kwa ninavyoona mimi, bawa ndilo linalowazuia. Ndege mwenye bawa kama lile hafiki hata Somalia. Wakubwa wanabadilisha manyoya yao huku kwetu kati ya Septemba na mwanzo wa mwaka, wanaondoka na bawa jipya. Vijana wengi bado wanatumia yale waliyotoka nayo kiotani.

#8 Mwalimu_wa_Bayo

#7, asante kwa ushahidi wa mkononi. Ila umeanza na matokeo. Hawakubadilisha manyoya kwa sababu mwili wao haukuwa na mpango wa safari. Umri ndio unaotangulia, bawa linafuata.

#9 Mida_Usiku

Au bawa linatangulia na mwili unakubali. Mwalimu, mimi na wewe hatujawahi kumuuliza ndege.

#10 Mtu_wa_Kirumba

Huku Mwanza nao wapo wanaobaki. Kwenye ukingo wa ziwa, majani yalipoliwa na ng'ombe, Juni unaona wawili watatu wamesimama pamoja kama watoto waliosahaulika shuleni.

#11 Mwana_Pangani

#10, kaka tunazungumzia pwani, maji ya chumvi, kupwa na kujaa. Ziwa halikupwi hilo.

#12 Mtu_wa_Kirumba

Halikupwi lakini lina ufukwe, na ndege hakuuliza kama maji ni ya chumvi. Na hapo nina hoja, usinicheke. Kama upepo wa kusi wa bahari ndio unaowabeba, hawa wa kwetu wanabebwa na nini?

#13 Kikwajuni_Muscat

Assalaam alaykum. Mie mzaliwa wa Unguja, naishi Muscat mwaka wa kumi na nne huu. Nimeusoma uzi wote kwa raha.

Huku Oman kuna pahala paitwa Barr al Hikman, mkabala na kisiwa cha Masirah. Tope tupu mpaka jicho linachoka. Wakati wa baridi huhesabiwa ndege wa ufukweni zaidi ya nusu milioni. Hawa wenu wanaopita kwenda na kurudi, wengi ni majirani wa hawa wetu, na wengine ni walewale.

Lakini miye nataka kukuongezeeni ndege mwengine, yule mla kaa, mweupe na mweusi, mdomo mnene kama koleo. Huyu haendi Siberia. Yeye kwao ni huku: Oman, Imarati, Iran, Yemen, mpaka Eritrea na Somalia. Kiangazi hiki cha kuunguza anachimba shimo kwenye mchanga, anaingia ndani, anataga yai moja tu, jeupe. Ndani ya shimo kuna ubaridi. Kisha yeye na mtoto wake wanateremka mpaka pwani ya Kenya, Tanganyika na Unguja. Mtoto anafika huko kwenu bado analilia chakula kwa mama yake, miezi kadhaa, na ana mdomo wake mzima wa kuvunjia kaa!

Sasa suali langu. Hao 61 hamna mla kaa kati yao? Maana kama wapo, hesabu ya Siberia haiwahusu.

#14 Tope_la_Upanga

Shukrani #13. Mla kaa namjua, ukimwona huwezi kumchanganya. Jana walikuwepo wanne, wamesimama pembeni kabisa kwenye mchanga, na sikuwaingiza kwenye 61. Mmoja alikuwa kichwa kijivu mgongoni kijivu, nadhani kijana. Walikuwa wanatembea hatua tatu, wanasimama, wanatazama chini kama mtu aliyeangusha funguo.

#7, sikuweza kuona mabawa yao vizuri. Nitaazima darubini.

#15 Mzaramo_Halisi

Mnawaita chamchanga, mtaani kwetu hao ni vitwitwi.

#16 Binti_Kivukoni

Kitwitwi ana mdomo mfupi na anakimbia, anasimama, anakimbia. Anayedunga tope bila kupumzika ni chamchanga.

#17 Mzaramo_Halisi

Bibi yangu aliita wote vitwitwi na alikuwa anajua kila ndege wa Kunduchi.

#18 Mwana_Pangani

Kwetu tunaofahamu kwa jina bila ubishi ni sululu, yule mkubwa wa kahawia mwenye mdomo uliopinda kama ile sululu ya kuchimbia. Mlio wake ni filimbi saba mfululizo. Ukiusikia usiku ujue maji yanaanza kutoka. Babu hakuwa na saa, alikuwa na sululu. Na sululu nao wanabaki kiangazi, msisahau. Juni mlangoni pa Mto Pangani hukosi kumi.

#12, umenibana. Sina jibu la ziwa. Lakini la babu silitupi kwa sababu ya ziwa lako.

#19 Utete_Kwetu

Naomba niingize Rufiji. Mnasema wamebaki, wamebaki, lakini mmehakikisha wote ni wageni? Kuna vitwitwi wadogo weupe paji la uso ambao ni wenyeji kabisa, wanataga hapahapa juu ya mchanga, Julai wako nyumbani. Mtu akihesabu kutoka mbali, na jua linawaka kwenye tope, anaweza kuwachanganya.

Kule kwetu kuna mwingine mwenyeji ninayemlilia zaidi ya hao wote. Mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mdomo mwekundu, taya la chini refu kuliko la juu. Jioni anaruka chini kabisa, mdomo umefunguliwa, taya la chini linachana maji kama kisu kinavyopasua kitambaa, akigusa samaki anafunga. Anataga kwenye visiwa vya mchanga vinavyojitokeza katikati ya mto wakati wa kiangazi. Mwaka huu Aprili mafuriko yametufunika, mashamba na nyumba, mnakumbuka. Sasa ni Julai na visiwa nilivyovizoea vingine bado sivioni, vingine vimehamia pengine. Na juu yetu sasa kuna Bwawa la Nyerere, lilianza kujazwa Desemba 2022, kwa hiyo mto hautapanda na kushuka kama zamani. Sijui atataga wapi. Nimetembea kutoka Utete asubuhi mbili nikimtafuta nikaona wawili tu, wamekaa kwenye ukingo wa matope na ng'ombe wanakunywa maji pembeni yao.

#20 Tope_la_Upanga

#19, pole sana kwa mafuriko. Wale wenyeji wa paji jeupe niliwaona, walikuwa 6 kwenye mchanga mkavu, nimewaandika mstari wao. Hawadungi tope na mdomo wao ni mfupi. 61 ni wa mdomo uliopinda.

Ukimwona tena huyo wa mdomo mwekundu tuandikie humu, hata kama ni mmoja.

#21 Groningen_Baridi

Salaam kutoka Uholanzi. Mnatafuta sababu Dar, nami naona sababu iko Siberia, tena haina mabawa. Ni panya.

Kule Taimyr kuna panya wadogo wa barafuni wanaoitwa lemingi. Kwa kawaida wanaongezeka sana kila baada ya miaka kama mitatu hivi, kisha wanaanguka ghafla. Wakiwa wengi, mbweha weupe wanakula panya na kuwaacha ndege watage kwa amani. Panya wakiisha, mbweha wanageukia mayai na vifaranga. Kwa hiyo kuna mwaka vijana wanashuka Afrika kwa maelfu, na kuna mwaka hawashuki kabisa.

Sasa chukua maelezo ya Mwalimu kwamba wanaobaki ni vijana. #1 alipata 9 mwaka jana, 61 mwaka huu. Inawezekana kiangazi cha 2022 mbweha walikula vifaranga, na 2023 panya walikuwa wengi. Tope la Msimbazi linakusomea habari za panya wa Siberia.

Mimi nawaona hapa pwani ya bahari ya Wadden mwishoni mwa Julai wakirudi, wekundu kama matofali. Ndio hao watakuja kwenu.

#22 Mida_Usiku

#21, hoja ya panya naipenda sana na nimeisikia kwa wanaovisha pete. Ila rekebisha la mwisho. Wanaopita Wadden wengi wanaelekea Afrika Magharibi, kule Mauritania kwenye tope la Banc d'Arguin. Wa kwetu wanapita njia ya bahari ya Kaspi na Ghuba, kwa mkubwa wetu #13.

Na jambo la pili. Si kila anayebaki ni kijana. Juni mmoja tulimkuta na bawa zima, manyoya ya mtu mzima, lakini mguu umevimba kwa uzi wa nailoni wa mshipi uliozunguka mara nyingi mpaka ukaingia kwenye nyama. Tulimkata ule uzi taratibu kwa mkasi mdogo, mwenzangu ameshika taa, mimi nashika mguu ambao ni mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Alikuwa kimya muda wote, moyo tu unapiga kwenye kiganja. Tulipomwachia aliruka gizani na sikumwona tena. Huyo hakubaki kwa umri wala kwa panya.

#23 Groningen_Baridi

Nimekubali la njia, asante. La panya nabaki nalo.

#24 Daktari_Mifugo_Tanga

Naongeza la kwangu. Minyoo ya tumboni. Ndege mwenye mzigo mkubwa wa minyoo hanenepi hata akila siku nzima, na bila mafuta hakuna safari. Na kwenye tope wanakula wadudu na konokono wanaobeba vimelea. Nimefuga kuku na bata miaka mingi, nimeona bata anakula kutwa na kifua kimekonda kama kisu. Wakubwa waliobaki ningeanzia hapo.

#25 Msimbazi_Juu

Wote mnazungumzia kwa nini wamebaki Afrika. Mimi naishi Vingunguti, mto unapita nyuma ya nyumba, nauliza kwa nini wamebaki *hapo*. Mto huu unatoka vilima vya Pugu ukiwa maji, ukifika baharini umebeba uchafu wa mji mzima. Uchafu unalisha minyoo. Tope la mlangoni ni jeusi, linanuka, na limejaa chakula. Inawezekana ndege wa pwani nzima wamejikusanya pale kwa sababu kwingine hakuna chakula au hakuna pa kusimama, na idadi yao kwa jumla haijaongezeka hata mmoja. Mtu akihesabu Kunduchi na Mbweni siku ileile, tutajua.

Naona uchungu kwamba mahali pazuri pa kuwaona ni pale tulipomwaga uchafu wetu.

#26 Mwalimu_wa_Bayo

#25 ametupa swali zuri kuliko majibu yetu. Nilisema suala limeisha, nimelifungua. Hesabu ya mahali pamoja haitoshi. Ndiyo maana sensa ya ndege wa maji ya kila Januari inafanywa nchi nyingi kwa pamoja. Ya Julai karibu hakuna anayeifanya, na ndiyo tunayoihitaji hapa.

#27 Tope_la_Upanga (Jumatatu, 5 Agosti 2024)

Nimerudi wakuu. Jana mwezi ulikuwa mwandamo, bamvua tena, na nilikuwa na darubini ya kuazima.

Hesabu: 104.

Nilikaa kwenye jiwe nikaangalia mmoja mmoja. Wengi ni kijivu, na mabawa yao kweli yamechakaa, #7 nimeona ule ufagio. Lakini 17 wana wekundu wa matofali kifuani, mwingine karibu wote, mwingine madoa tu kama shati lililopauka. Hao bila shaka wametoka Siberia juzijuzi.

Kilichonisumbua ni hawa wengine. Ukitoa 17, wanabaki 87 wa kijivu, na mwezi uliopita walikuwa 61. Hao 26 wametoka wapi? Vijana wa mwaka huu wanashuka baadaye, na waliobaki hawazaliani.

#28 Msimbazi_Juu

Wamehama kutoka ufukwe mwingine. Nilisema.

#29 Mida_Usiku

Au ni wakubwa waliojaribu kwenda wakaishia Ghuba, wakageuza bila kufika. Kuna wanaofanya hivyo, na hao wanarudi bila wekundu wa kutosha.

#30 Kikwajuni_Muscat

Wallahi huku tunao wengi wanaokaa kiangazi chote. Waliogeukia huku mie nawaamini.

#31 Mwana_Pangani

Agosti kusi bado inavuma. Waliorudi wamerudi dhidi ya upepo. Babu angekuwa hai ningemuuliza hili.

#32 Tope_la_Upanga

Napendekeza hivi. Jumamosi tarehe 21 Septemba, siku tatu baada ya mwezi mpevu, maji yatakuwa chini kabisa karibu na saa sita mchana. Mimi nitakuwa Salenda. #25, wewe shika Kunduchi. Mbweni nani? Tuhesabu saa moja, wa kijivu mstari wao, wekundu mstari wao, wenyeji wa paji jeupe mbali.

#33 Chapa_Mboga

Mbweni ni mimi, naishi hapo jirani. Nifundisheni tu kumtofautisha kitwitwi na chamchanga kabla ya hiyo siku.

#34 Mzaramo_Halisi

Wote vitwitwi. Nitakuja Mbweni nikuonyeshe.